Waziri Kiongozi wa Bondeni

Jumatatu, 19 Agosti

Nimemaliza kupuliza salfa kwenye mikorosho ya upande wa mashariki. Nilianza alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, nikaacha jua lilipoukausha na unga ukaanza kupeperuka ovyo. Macho yanawasha. Maua ni mengi mwaka huu.

Niliporudi nyumbani, mke wangu Fatuma akasema Bi Somoe alipita, hakutaka hata kukaa. Kaacha ujumbe: "Mwambie Waziri tunakuja kumpima."

Najua anazungumzia nini. Mzani. Mwezi uliopita niliamua, mimi mwenyekiti wa Amcos, chama chetu cha ushirika wa wakulima, kwamba msimu huu korosho zote zipokelewe Bondeni, kando ya barabara, na si kitongoji cha Juu kama ilivyokuwa miaka yote. Msimu uliopita lori lilinasa mchangani kule Juu, tukahangaika nalo na majembe na matawi mpaka tukachoka. Basi nikaushusha mzani. Sasa watu wa Juu wanasema nimewatwisha magunia kichwani ili kwetu kupendeze. Mimi ni wa Bondeni, kweli. Lakini barabara nayo ni ya Bondeni, na si mimi niliyeichonga.

Bi Somoe ni mjumbe wa bodi, wa Juu, Myao. Mimi Mmwera, na makabila yetu ni watani. Tumetaniana tangu ujana, kwa hiyo sijui nikasirike au nicheke. Leo nimekasirika.

Jumatano, 21 Agosti

Afisa Ushirika kapiga simu kutoka Ruangwa mjini. Wajumbe wanne wa bodi wameomba kikao cha kubadilisha mwenyekiti. Jumamosi ya tarehe 31, ofisini kwetu, naye atakuwepo.

Bodi ina watu tisa. Masharti ya chama yanasema bodi ndiyo inayomchagua mwenyekiti kutoka miongoni mwao, na bodi hiyohiyo inaweza kumtoa. Juu wako wanne. Bondeni tuko watano, mimi nikiwemo. Nimesalimika kwa mkono mmoja.

Kinachoniudhi ni kwamba somo hili niliwafundisha mimi. Chama kikuu cha wilaya kilipokuwa bado kinapeleka watu mafunzoni, nilipelekwa India, Mangalore, kujifunza ubanguaji. Jimbo la Karnataka. Korosho zao zinafanana na zetu, mvua yao haifanani na yetu. Niliporudi na kuchaguliwa, kikao cha kwanza kabisa nilisimama na koti langu la huko nikawaeleza habari za mkuu wa serikali ya jimbo. Kwa Kiswahili tunaweza kumwita Waziri Kiongozi, kama yule waliyekuwa naye Zanzibar kabla ya kubadilisha katiba. Wananchi hawampigii kura yeye moja kwa moja. Wanachagua wabunge wa jimbo, na anayeungwa mkono na wabunge wengi ndiye Gavana anamwita na kumwapisha. Anateua mawaziri wake, anaendesha polisi, shule, hospitali, kilimo. Lakini amesimama juu ya mikono ya watu. Siku mikono ikishuka, na yeye anashuka.

Nikasema: mwenyekiti ndivyo alivyo. Wakapiga makofi. Bi Somoe akanibatiza Waziri Kiongozi hapohapo, na jina likanata.

Ijumaa, 23 Agosti

Baada ya sala nimemwona Bi Somoe barazani kwa Mzee Liundi. Mzee Liundi ni wa Bondeni. Ni mkono wangu.

Walikuwa wanamenya mbaazi. Wamekaa kama ndugu. Aliponiona akanipungia.

Sikula mchana. Fatuma kauliza kuna nini, nikasema joto.

Jumapili, 25 Agosti

Nimepitia watu wangu mmoja mmoja kichwani wakati wa palizi. Mzee Liundi: anapenda kusifiwa, na Bi Somoe anajua kusifu. Ndugu wawili, akina Chitanda: wameoa Juu wote wawili, na shemeji zao wana midomo. Hamisi: huyu sina wasiwasi naye. Hamisi akisema ndiyo ni ndiyo. Ni mtoto wa pekee wa Bi Mwanahawa, wanaishi wawili tu tangu mkewe alipofariki, na mama yake kamlea hivyo.

Watatu wa mashaka. Nikipoteza mmoja tu nimekwisha.

Ndipo nikakumbuka hoteli. Nilipokuwa Mangalore serikali ya jimbo ilikuwa inayumba, na kila jioni bwenini tuliangalia televisheni. Chama kikiogopa kuibiwa wabunge, kinawapakia kwenye basi na kuwafungia hotelini mbali na mji, bwawa la kuogelea, chakula tele, mpaka siku ya kura. Tulikuwa tunacheka mpaka machozi. Mkufunzi wetu, mzee mwenye mvi, yeye hakucheka. Alisema Karnataka ni wachache sana waliowahi kukaa kwenye kiti hicho miaka yote mitano.

Nachingwea kuna nyumba ya wageni nzuri, ina feni.

Jumatatu, 26 Agosti

Nimemweleza Fatuma. Akaendelea kupepeta mahindi. Baadaye akasema, "Baba Zuhura, watu wazima wenye mashamba unawafungia ndani kama kuku wa kupeleka mnadani?"

Nikamwambia hajui siasa. Akasema kweli, hajui.

Jumanne, 27 Agosti

Wote wanne wamekubali. Safari ya Nachingwea nimeiita semina. Si uongo mtupu, nitawasomesha masharti ya chama kidogo. Mzee Liundi kauliza kama kutakuwa na nyama. Akina Chitanda wamefurahi kutoka. Hamisi alisita. Mama yake ana kikohozi tangu juzi. Nikamwambia ni siku chache tu, na majirani wapo. Akamwachia maji na kuni za kutosha.

Jumatano, 28 Agosti

Tumefika Nachingwea mchana. Gari la kukodi, Noah, vumbi hadi kwenye masikio. Vyumba safi. Feni inafanya kazi, ikiwa umeme upo.

Jioni nimekusanya simu zote, nikaziweka kwenye mkoba wangu wa ngozi, zimezimwa. India wanafanya hivyo, maana mjumbe ananunuliwa kwa simu kabla ya kununuliwa kwa mkono. Sikuwaeleza hivyo. Nilisema semina inataka utulivu. Mzee Liundi alinipa yake kama anayetoa jino.

Leo nitalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumatano iliyopita.

Alhamisi, 29 Agosti

Siku ndefu. Asubuhi nimewasomea masharti, wakasinzia. Mchana pilau. Akina Chitanda wamecheza bao na mlinzi, wamefungwa, wamekasirika. Mzee Liundi amelala mchana kutwa, kisha akalalamika hapati usingizi.

Niliwapa historia ili kupitisha muda. Kwamba upande wa kusini wa jimbo lile zamani ulikuwa ufalme wa Mysore, na mfalme alikuwa na waziri wake mkubwa aliyemtumikia yeye tu. Mfalme akiridhika, waziri anakaa. Uhuru ulipokuja cheo kikageuka, Waziri Kiongozi akawa anajibu kwa wabunge. Baadaye jimbo likapanuliwa, watu wanaosema Kikannada wakakusanywa pamoja, na baadaye tena likaitwa Karnataka. Na kwamba kwa miaka mingi serikali ya Delhi ilikuwa na mazoea ya kuivunja serikali ya jimbo kwa barua tu ya Gavana: huyu hana tena watu. Mmoja aliyetolewa hivyo akaenda mahakamani. Kesi ilichukua miaka, yeye kiti kilishakwenda, lakini Mahakama ya Juu ya nchi ikatoa neno: wingi wa Waziri Kiongozi unapimwa ndani ya bunge, mbele ya wote. Si sebuleni kwa Gavana.

Hamisi peke yake ndiye aliyekuwa anasikiliza. Akauliza: "Na hotelini je, mwenyekiti?"

Nikasema hotelini watu wanapumzika tu.

Jioni akaniomba simu ampigie mama yake. Nikamwambia kesho, baada ya sala ya Ijumaa. Nikimpa mmoja, wote watadai. Akasema haya. Hakubishana. Ningependa angebishana.

Ijumaa, 30 Agosti

Naandika yote.

Tulikuwa tumetoka kuswali, tunakula. Bodaboda ikasimama nje. Akashuka Bi Somoe, mwekundu kwa vumbi, kanga imefungwa kiunoni kama anakwenda kulima. Nikajiandaa kupigana kwa maneno. Nilikuwa na maneno mazuri kabisa.

Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwa Hamisi, akachuchumaa mbele yake.

"Hamisi, mwanangu, twende nyumbani. Mama hayupo."

Bi Mwanahawa alizidiwa jana alasiri. Walimpigia Hamisi jana, simu imezimwa. Wakampigia usiku, na leo alfajiri alipokata roho. Wakanipigia mimi pia, na yangu nilikuwa nimeizima, ili Afisa asinisumbue. Fatuma ndiye aliyesema tuko Nachingwea, nyumba yenyewe hakuijua. Bi Somoe akapanda bodaboda, akapita nyumba za wageni zote akiulizia wazee wa semina.

Nilifungua mkoba. Nilimpa Hamisi simu yake. Hakuiwasha. Aliiweka mfukoni.

Tulirudi kwa Noah hiyohiyo, sote, na Bi Somoe.

Walikuwa wametungoja. Kaburi limechimbwa na vijana wa Juu. Maiti imeoshwa. Jeneza lilikuwa chini, watu wamekaa kimya kivulini, wengine tangu asubuhi. Tukaswali. Hamisi akashuka kaburini, akampokea mama yake, akamlaza. Mikono yake ilikuwa imara.

Alimzika. Hilo aliliwahi. Kumwona akiwa hai hakuwahi.

Jirani aliyekesha na marehemu anasema usiku aliuliza mara mbili kama Hamisi amerudi semina.

Jumamosi, 31 Agosti

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kikao. Kimeahirishwa kwa sababu ya msiba mpaka Jumamosi ijayo. Nimeshinda matangani. Sikujua nikae wapi. Nikakaa karibu na wapasua kuni.

Mchana wakaja watani. Bi Mwanahawa alikuwa Mmwera kama mimi, kwa hiyo Wayao wana haki yao. Mambo yakaanza kama kawaida. Mmoja kalala njiani anadai kitu ndipo wapishi wapite na maji. Mwingine kavaa kanga ya marehemu, anaiga alivyokuwa anawafukuza mbuzi wa watu kwenye muhogo. Watu wakacheka, hata Hamisi alitabasamu. Ndiyo kazi yao, kuufanya msiba ubebeke.

Kisha akatokea Bi Somoe. Kavaa koti. Lilikuwa kubwa, la kiume, si langu, lakini kila mtu alijua ni langu. Kwapani kapu. Akatembea kama ninavyotembea mimi, sikujua kama natembea hivyo. Akaanza kuzunguka akikusanya simu za watu. "Semina hii inataka utulivu," anasema. "Leta. Na wewe, leta. Mikono yenu niachieni, simu zenu nipeni." Watu wakaanguka kwa kicheko. Wanatumbukiza kapuni maganda ya muhogo, kandambili, kijiko.

Mtani hakasirikiwi. Nilitoa kilichokuwa mfukoni nikakitia kapuni, nikacheka. Nilijitahidi.

Nilidhani ameishia hapo. Akafika mkekani kwa Hamisi. Akapiga magoti, koti likaburuzika kwenye majivu. Akatoa kapuni kipande kidogo cha kuni, akamwekea mkononi. Sauti yake ikawa ya kawaida, si ya kuniiga tena.

"Simu yako hii, mwanangu. Pokea. Mama anakupigia tangu juzi."

Kicheko kilikatika. Hamisi akaishika ile kuni. Akaiweka sikioni. Akalia, kwa mara ya kwanza tangu Nachingwea, kwa sauti, na Bi Somoe akamkumbatia na lile koti lake, naye akalia.

Mimi nilisimama nikaenda kupasua kuni. Sijapasua kuni za msibani tangu niwe mwenyekiti.

Nina aibu. Sina neno jingine.

Jumatatu, 2 Septemba

Khitma imesomwa, tanga limeanuliwa. Watu wametawanyika.

Nilimngoja Hamisi akunje mikeka. Nikamwambia nimekosa, nisamehe. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakabaki hayo.

Akasema, "Mama alinifundisha nikiahidi nitimize. Nilikuahidi mkono, mwenyekiti. Jumamosi utaupata. Lori haliwezi kufika Juu, na hilo halijabadilika." Akachukua mikeka akaingia ndani.

Kuhusu kusamehe hakusema kitu.

Alhamisi, 5 Septemba

Kwa hiyo watu ninao. Nimewauliza akina Chitanda, bado ni wangu. Mzee Liundi ni wangu, anasema hata zile mbaazi alizimenya tu, hakuahidi kitu. Watano kwa wanne. Nashinda.

Nimekaa shambani kivulini bila kufanya kazi. Mikorosho imeanza kufunga punje ndogo za kijani, kubwa kama kunde. Nilikuwa natazama hizo na kuwaza kuhusu mtu mmoja.

Nilimwona kwenye ile televisheni ya Mangalore. Waziri Kiongozi aliyekuwa ameapishwa siku chache tu zilizopita, na mahakama imemwamuru apimwe bungeni. Bunge limejaa. Akasimama, akahutubia muda mrefu, akasema atakwenda kwa Gavana kujiuzulu, akatoka nje kabla mkono hata mmoja haujanyanyuliwa. Bwenini tulimzomea. Mwoga, tulisema. Yeye hakuwa na watu wa kutosha, alijua hesabu.

Mimi ninao wa kutosha. Hapo ndipo penye tabu.

Jumamosi, 7 Septemba

Kikao saa nne. Afisa Ushirika kakaa katikati. Wa Juu dirishani, wa Bondeni mlangoni. Hamisi kavaa kanzu nyeupe, kapiga pasi.

Afisa kasoma ombi la wale wanne. Akaniuliza kama nina la kusema kabla ya kura.

Nikasimama. Koti nililiacha nyumbani. Nikasema mzani bado naamini nilikuwa sahihi kwa habari ya lori, na nilikosea kwa habari ya watu, maana sikumuuliza mtu yeyote wa Juu. Nikasema tulipokwenda Nachingwea hapakuwa na semina. Nikasema mikono mitano iliyomo humu sikuipata humu, niliipata kwa kuwafungia watu ndani na kuwanyima simu, na mmoja wao amelipa kwa kitu ambacho sina cha kumrudishia. Kwa hiyo isihesabiwe. Nimejiuzulu.

Mzee Liundi akasema, "Eh, mbona tunashinda?"

Nikakaa.

Bi Somoe amechaguliwa. Wanane wamenyanyua, mimi nikiwa mmoja wao. Hamisi alichelewa kidogo. Alinitazama kwanza, kama anayeomba ruhusa ya kuondoa mkono mahali alipoahidi kuuweka. Nikaitikia kwa kichwa. Mzee Liundi hakunyanyua, anasema amechanganyikiwa.

Afisa akaniomba nikae na funguo za ghala mpaka makabidhiano, wiki ijayo. Hata kule ndivyo wanavyofanya. Waziri Kiongozi akishajiuzulu, Gavana humwambia aendelee kulinda nyumba mpaka mwenzake aapishwe. Sikuwaeleza. Wamechoka na India.

Mzani utakaa Bondeni, na mara mbili kwa wiki utapandishwa Juu kwa trekta dogo. Wamekubaliana kabla chai haijapoa. Lingeweza kusemwa mwezi wa saba, kama ningeuliza.

Nje Bi Somoe akanishika mkono. Nikadhani atanitania. Akasema tu, "Pole, mtani." Hilo limeniuma kuliko koti.

Jumatano, 11 Septemba

Nimekabidhi funguo. Fatuma kapika muhogo na samaki wakavu, ninavyopenda, bila kusema kwa nini. Koti nimemwambia afanye anachotaka. Amelitundika palepale.

Nilikwenda shambani jioni. Upepo mdogo. Punje zimekua, zingine zimeanza kuning'inia. Nimepalilia mistari miwili, polepole. Simu nilikuwa nayo mfukoni, imewashwa. Siku hizi siizimi, hata nikilala.

Ikaita. Hamisi. Tangu khitma hakuwa amenipigia, wala kunisemesha zaidi ya salamu.

Nikapokea kabla haijaita mara ya pili. Anauliza kama kesho nitatumia mashine ya salfa, yake imeharibika.

Nikamwambia situmii. Nitamletea mwenyewe alfajiri, umande ukiwa bado upo.